Green wameshika Mid Suffolk, halafu? Maswali yenu kuhusu madiwani wa Uingereza

Safu iliyopita ilihusu Mid Suffolk, wilaya ya mashamba na miji midogo mashariki mwa Uingereza. Mei 4, 2023 chama cha Green, cha watetezi wa mazingira, kilizoa viti 24 kati ya 34 vya halmashauri ya wilaya hiyo. Haikuwahi kutokea Uingereza chama hicho kuwa na wingi wa viti kwenye halmashauri yoyote bila kuomba mkono wa mwenzake. Nilidhani habari hiyo ingewachosha. Badala yake mmeniletea maswali mengi kuliko nafasi niliyonayo, kwa hiyo nimechukua haya.

Shikamoo. Hiyo wilaya ni kama wilaya zetu? Ina mkuu wa wilaya na mkurugenzi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Mkuu wa wilaya hakuna. Hakuna mtu aliyeteuliwa kutoka juu akaletwa kukaa juu ya madiwani. Mkurugenzi yupo, ila ni mwajiriwa wa halmashauri yenyewe, na mara nyingi huyo huyo ndiye msimamizi wa uchaguzi. Najua Watanzania hapo mmeinua nyusi, maana kwetu jambo hilo limefika mpaka mahakamani. Tofauti ni kwamba wa Uingereza hakuteuliwa na serikali kuu, na akivaa kofia ya usimamizi wa uchaguzi hawajibiki kwa madiwani. Akiboronga, anakutana na mahakama yeye binafsi.

Kinachowavuruga wageni zaidi ni ngazi mbili. Juu ya wilaya ipo kaunti, na kila ngazi ina madiwani wake na siku yake ya uchaguzi. Kaunti ina barabara, shule, maktaba na matunzo ya wazee. Wilaya ina vibali vya ujenzi, makazi ya wasio na pa kulala, ukaguzi wa usafi wa migahawa, na mapipa ya taka. Hapo kwenye mapipa ndipo pa kuchekesha: lori la wilaya linakuja kuzoa taka mlangoni kwako, lakini kuziteketeza au kuzifukia ni kazi ya kaunti. Na kodi ya halmashauri, ile ambayo sisi wa huku tumezoea kuiita kaunsil taksi, bili yake inatoka wilayani na inalipwa wilayani, kisha sehemu kubwa inapelekwa kwa kaunti, na nyingine kwa polisi. Kwa hiyo wilaya ndiyo inayotukanwa kwa bili ambayo haibaki nayo.

Matokeo yake, mgombea udiwani wa wilaya anagonga mlango, mama mwenye nyumba anatoka na kumwonyesha shimo la barabarani. Shimo hilo halimhusu hata kidogo. Wajanja hawasemi hivyo. Wanatoa daftari na kuandika.

Wilaya za mfumo huu zilianza Aprili 1, 1974. Baada ya nyingine kuunganishwa au kufutwa, mwaka 2023 zilibaki 164.

Mimi ni Mkenya, nasoma Leicester kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki yangu anasema naweza kupiga kura hapa. Ananitania?

Hakutanii, mdogo wangu. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye miaka 18 au zaidi, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, ya udiwani na hata ya ubunge. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo. Kongo, Burundi na Oman hazimo. Ndiyo maana unaweza kukuta kwenye ngazi moja ya ghorofa mtu wa Gisenyi anapiga kura na jirani yake wa Goma, waliotenganishwa huko kwao na kizuizi cha mpakani tu, hapigi mpaka apate uraia wa Uingereza. Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Ni hilo tu.

(Leicester ni jiji lenye halmashauri ya ngazi moja inayofanya kazi zote, halina wilaya, lakini sheria ya nani apige kura ni ile ile.)

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, kuandikishwa hakuji kwenyewe; usipojaza fomu, jina halimo daftarini na karani hawezi kukusaidia siku yenyewe. La pili, tangu huo Mei 2023 lazima uende kituoni na kitambulisho chenye picha. Pasipoti yako ya Kenya inatosha, hata kama muda wake umekwisha, mradi sura iliyomo bado ni yako. Orodha ya vitambulisho ina vituko vyake: kadi ya basi ya mzee inakubaliwa, kadi ya treni ya kijana haikubaliwi. Mwaka ule wa kwanza watu wasiopungua 14,000 walirudishwa mlangoni na hawakupiga kura kabisa. Asiye na kitambulisho chochote hupewa cheti maalumu bure, akikiomba mapema.

Kugombea ni habari nyingine. Kwa viza ya mwanafunzi huwezi. Raia wa Jumuiya ya Madola anatakiwa awe na kibali cha kukaa kisicho na kikomo. Ukishakipata, hawakuombi dhamana ya fedha.

Matokeo ya kata yetu yana washindi watatu, na ukijumlisha kura zote zinazidi idadi ya watu waliopiga. Wameiba? (Mama wa watoto wawili, Norfolk)

Dada, hawajaiba. Kata nyingi zina madiwani wawili au watatu. Ikiwa watatu, kila mpiga kura anaruhusiwa kuweka alama hadi tatu kwenye karatasi moja, na watatu wa juu ndio washindi. Karatasi 2,000 zinaweza kutoa kura 6,000. Hazifiki huko kamwe, kwa sababu wapo wanaoweka alama moja tu wakakunja karatasi, na hao ni wengi kuliko unavyofikiri.

Niliwahi kufanya kazi ya siku moja ya kuhesabu, kwenye ukumbi wa michezo ambao mistari ya uwanja wa badminton ilikuwa ikipita chini ya meza zetu. Tukakalishwa upande mmoja wa meza, mawakala wa vyama wakasimama upande wa pili wakituinamia kama watu wanaotazama bao. Kwanza hakuna anayehesabu nani kapata nini. Unahesabu karatasi zenyewe, ulinganishe na idadi aliyoandika msimamizi wa kituo. Zikipungua hata moja, unarudia. Na karatasi zote lazima zilale uso juu, kwa sababu nyuma kuna namba, na namba hiyo haifai kuonekana na mtu.

Kisha inakuja kazi yenyewe. Mpiga kura aliyechagua wagombea wote watatu wa chama kimoja ni rahisi, karatasi yake inakwenda kwenye rundo la wenzake. Shida ni wale wanaochanganya: mmoja wa Green, mmoja wa Conservative, na yule mwenye duka la nyama anayegombea peke yake. Hizo tulizipanga kwenye karatasi ndefu, moja ikilalia nyingine, zibaki zinaonekana kingo tu zenye alama, halafu unasoma mstari wa kila mgombea kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenyewe wanaiita sketi ya nyasi. Saa ya tatu mgongo uliniuma, macho yakaanza kuona misalaba hata kwenye dari.

Zilizo na utata hupelekwa kwa msimamizi mbele ya mawakala. Mtu kaweka alama ya vema badala ya msalaba? Inahesabiwa, kwa kuwa nia yake inaonekana. Kaweka alama nne wakati viti ni vitatu? Imeharibika. Kasaini jina lake chini, kwa fahari? Imeharibika vilevile, kwa sababu kura ni siri hata kama mwenyewe hataki iwe siri. Hiyo ya mwisho niliiona kwa macho yangu na nikamhurumia mwenyewe. Saini ilikuwa nzuri mno.

Kura zikilingana? (Mombasa)

Zinahesabiwa tena. Zikilingana tena, msimamizi anapiga kura ya bahati papo hapo, na hilo limo kwenye sheria. Mwaka 2017 huko Northumberland, ambayo ni halmashauri ya ngazi moja, wagombea wawili wa kata ya South Blyth walilingana kura wakaambiwa wavute vijiti. Wa Liberal Democrats akashinda. Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, pungufu ya kimoja tu kuitawala halmashauri.

Uliandika kwamba usiku ule wa Mei 2023 Conservative walipoteza viti zaidi ya 1,000. Je, madiwani ndio kipimo cha nani atashika serikali? (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, jibu langu litakuudhi, maana ni ndiyo na siyo. Ndiyo, kwa sababu Julai 4, 2024 Conservative waling'olewa serikalini kweli, Labour wakaingia. Mvua ilionekana kwenye mawingu.

Lakini nenda Ashfield, wilaya ya zamani ya machimbo ya makaa ya mawe, Nottinghamshire. Mei ile ile ya 2023 kikundi cha wenyeji kinachojiita Ashfield Independents kilitwaa viti 32 kati ya 35. Labour na Conservative wakaachiwa makombo. Mwaka mmoja baadaye watu hao hao wakapiga kura ya ubunge wa jimbo la Ashfield. Ungedhani wenyeji watazoa tena. Walikuwa wa tatu. Aliyeshinda ni Lee Anderson wa Reform UK, wa pili Labour.

Mimi nasoma hivi: mtu wa Ashfield anajua vizuri sana anachopigia kura. Kwa mapipa na viwanja vya watoto anamtaka jirani anayepokea simu. Kwa uhamiaji na bei ya umeme anampigia mwingine. Wachambuzi wa televisheni wanaochora ramani ya nchi nzima kutokana na madiwani wanasahau pia kwamba wanaojitokeza siku ya madiwani ni karibu theluthi tu ya walioandikishwa. Na tena wilaya nyingine hazichagui viti vyote kwa mara moja. Zinachagua theluthi moja, miaka mitatu kati ya minne. Huko chama kinaweza kupata kura nyingi kuliko wote usiku huo na kesho yake kisishike chochote, kwa sababu theluthi mbili nyingine hazikuguswa.

Kwa hiyo ukisoma matokeo ya wilaya, kabla hujasema nani kashinda, uliza viti vingapi vilikuwa vinagombewa. Swali hilo linanyamazisha wengi.

Diwani wa huko analipwaje? (Muscat)

Hana mshahara, ana posho, na kila halmashauri inajipangia yake. Wengi wana kazi nyingine au wamestaafu. Ndiyo maana vijijini wakati mwingine anajitokeza mgombea mmoja tu na anapita bila kupingwa, si kwa hila bali kwa kukosa mtu. Akikaa miezi sita bila kuhudhuria kikao hata kimoja, na halmashauri haijaidhinisha sababu yake, kiti kinakuwa wazi.

Naishi Guildford. Nasikia wilaya yetu inafutwa. Diwani niliyemchagua anakwenda wapi?

Anakwenda nyumbani, kaka, isipokuwa agombee upya. Desemba 2024 serikali ilitoa waraka wa kuondoa mfumo wa ngazi mbili kote Uingereza, kila eneo libaki na halmashauri moja inayofanya yote. Mid Suffolk nayo imo, ndiyo sababu ule ushindi wa Green huenda ukakosa kiti cha kuukalia. Surrey yenu imetangulizwa: wilaya 11 pamoja na kaunti vinapisha halmashauri mbili, Mashariki na Magharibi, na Guildford inaangukia Magharibi. Mpango ni zianze kazi Aprili 2027.

Wapo wanaolia kwamba diwani atakuwa mbali na watu wake, na mimi naona wana hoja, maana kata zitakuwa kubwa. Ila kwako wewe mwenye pipa, anayelizoa na anayejua taka zinaishia wapi watakuwa ofisi moja. Na mgombea akija kugonga mlango, mwonyeshe shimo la barabarani. Safari hii litamhusu.