Bendera ya hariri haikunjwi kama shuka

Msomaji ameuliza kwa nini bendera kuukuu ya chama cha mafundi, ikifunguliwa, huchanika palepale picha inapokomea. Ilikunjwa, basi.

Bendera hizi za Uingereza, zile zinazobebwa pamoja na bendi za muziki kwenye mkutano wa wachimba makaa wa Durham ulioanza 1871, huchorwa kwa rangi ya mafuta pande zote mbili za hariri. Rangi ikikauka huwa gamba, hariri iliyo kando yake hubaki laini, na ikikunjwa au upepo ukivuma mvuto wote huishia mpakani. George Tutill wa London, aliyefungua karakana yake 1837, alilijua tatizo hilo: 1861 alipata hataza ya kupaka hariri utomvu wa mpira kwanza, ili rangi ijipinde pamoja na kitambaa. Dawa nzuri, ila mpira nao huzeeka ukakakamaa, kwa hiyo bendera ya Tutill isikutie kiburi.

Ukitaka kuihifadhi, izungushe kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, refu kuliko upana wa bendera, upande wenye rangi dhaifu ukitazama nje. Tandika karatasi isiyo na asidi kila mzunguko, kisha funga kwa utepe mpana wa pamba. Kamba nyembamba huacha alama. Iliyoloa isizungushwe kamwe, maana picha ya upande mmoja hugandana na ya upande wa pili, na ukizibandua zinatoka na hariri. Ilaze kivulini hadi ikauke. Watu hukimbilia jua, wakaichoma.

Barabarani ni tanga kamili: milingoti miwili, foromali (mti wa kukingama) juu, kamba mbili mbele na mbili nyuma. Wabeba milingoti wavae mkanda wenye kikombe cha ngozi cha kukalia mti. Upepo ukitoka nyuma, wa kamba za nyuma wavute, wa mbele walegeze. Asiwepo anayejizungushia kamba mkononi! Upepo ukizidi, shusheni. Ubishi wa dakika mbili hupasua kazi ya miezi.

Na kile kitambaa cheusi kilichokuwa kikiwekwa juu mgodi ulipoua mtu mwaka huo: kifungwe kwenye foromali. Pini ikitoboa hariri, tundu halibaki tundu, huwa mpasuko.