Kwenda kazini Guangzhou: chagua njia kwanza, nyumba baadaye

Wengi wanaofika Guangzhou, jiji la kusini mwa China, na mkataba wa kazi mkononi hukimbilia nyumba ya bei nafuu, ndipo baadaye wanauliza ofisi iko upande gani wa mji. Nakusihi ufanye kinyume. Kodi unailipa mara moja kwa mwezi, lakini safari ya kazini unailipia kila siku kwa muda na nguvu za mwili. Nimewaona vijana hodari wakiacha kazi nzuri kwa sababu ya saa tatu za barabarani kila siku, wakati chumba kilichokuwa ghali kidogo tu kingewaokoa.

Anza kwa kufungua ramani ya metro, yaani treni za ndani ya jiji, na kuweka kidole kwenye kituo cha ofisini. Kisha tafuta nyumba kwenye njia hiyohiyo. Kama kazi yako iko Zhujiang New Town, kule kwenye maghorofa ya ofisi, na unataka kukaa karibu na Waafrika wenzako, Xiaobei inafaa sana: vituo vyote viwili viko njia namba 5, unapanda na kushuka bila kubadilisha treni. Ukikaa Sanyuanli uko njia namba 2, na utabadilisha pale kituo kikuu cha reli, katikati ya wasafiri wenye masanduku. Kwenye ramani, kubadilisha huko ni alama ndogo tu. Asubuhi ni ngazi, korido ndefu, na foleni nyingine.

Panyu, upande wa kusini, utapata vyumba vikubwa kwa kodi ndogo, na madalali watakupeleka huko haraka. Lakini wengi wa Panyu wanaingia mjini kwa njia namba 3, na hapo nataka unielewe vizuri. Saa mbili asubuhi, kwenye baadhi ya vituo vya njia hiyo, foleni inaanzia nje. Vizuizi vya chuma vimepangwa kwa kuzungusha watu, mhudumu ameshika kipaza sauti, na abiria wanaruhusiwa kuingia kituoni kwa mafungu. Ukifika jukwaani, treni ya kwanza inaweza kujaa na kuondoka ukiwa bado umesimama, na ya pili vilevile. Ukiingia, vaa begi kifuani, sogea katikati ya behewa, na anza kuelekea mlangoni kituo kimoja kabla ya kushuka. Pale Tiyu Xilu, njia namba 3 inapokutana na namba 1, wimbi la watu litakubeba likikukuta katikati ya mlango. Dalali akisema nyumba iko dakika kumi kutoka metro, mwambie mkutane siku ya kazi saa moja na nusu asubuhi, utembee mwenyewe hadi jukwaani ukiangalia saa. Fanya hivyo kabla ya kulipa amana.

Nauli yenyewe haitakusumbua. Metro inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza na kupanda taratibu kwa umbali.

Kinachowasumbua wageni ni simu. Nunua laini ya China kwa pasipoti yako siku za mwanzo kabisa, kisha fungua Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu. Siku hizi zote mbili zinapokea kadi za benki za nje, kwa hiyo huna haja ya kusubiri akaunti ya benki ya China ndipo uanze kulipa. Ramani za Google usizitegemee, tumia Gaode. Hifadhi anwani ya ofisi na ya nyumbani kwa maandishi ya Kichina, pamoja na herufi ya mlango wa kutokea kituoni. Vituo vikubwa vina milango mingi, A, B, C na kuendelea, na ukitokea mlango usio wako unaweza kujikuta ng'ambo ya barabara yenye njia nane. Nunua pia Yangcheng Tong, kadi ya kulipia nauli, uiwekee pesa kidogo na uiache kwenye pochi, maana simu ikizima chaji huna msimbo wa kupitia getini.

Kila unapoingia metro begi lako linapitishwa kwenye mashine. Dada zangu mnaofanya kazi saluni, makopo ya dawa ya nywele ya kupuliza yatawakwamisha hapo; agizeni yapelekwe kazini moja kwa moja. Pasipoti tembea nayo, kwa sababu sheria inamtaka mgeni awe nayo na polisi wana haki ya kuiomba. Na ukihama nyumba ili kusogea karibu na kazi, una saa 24 za kujiandikisha upya polisi.

Kutoka kituoni hadi ofisini, baiskeli za kukodi ni msaada mkubwa. Unaskani msimbo wake kwa simu, kufuli linafunguka. Kabla ya kuskani bana breki zote mbili na utikise kiti, kisha ukifika egesha ndani ya mistari, la sivyo unatozwa zaidi. Baiskeli ya umeme yako mwenyewe ni nzuri zaidi, ila iwe na namba ya usajili, uvae kofia ngumu, na usiipandishe kwenye lifti kwenda kuichaji chumbani. Betri hizo zimeunguza nyumba na kuua watu.

Didi, programu ya kuita teksi, iwe akiba ya dharura. Weka alama ya kuchukuliwa kwenye geti lenye jina, kwa kuwa dereva haruhusiwi kusimama popote, na akipiga simu usiyoielewa, mwandikie ujumbe ndani ya programu, utatafsiriwa. Mvua ikinyesha saa ya kutoka kazini, utakuta makumi ya watu mbele yako kwenye foleni ya Didi. Rudi metro.

Mnaoajiriwa na viwanda au shule za pembezoni, Foshan au Zengcheng, ulizeni habari ya basi la wafanyakazi mkiwa bado mnajadiliana mshahara: linapita wapi, linaondoka saa ngapi, na siku ya kazi za ziada linasubiri au halisubiri. Majibu yawe kwenye maandishi. Waajiri wengi wanahesabu mahudhurio kwa simu, na dakika moja ya kuchelewa inaonekana. Metro ikipata hitilafu, omba uthibitisho wa ucheleweshaji kituoni umpelekee mwajiri.

Kuanzia majira ya joto ya China, yaani Juni, hadi Septemba fuatilia maonyo ya vimbunga, ambayo hutolewa kwa rangi hadi nyekundu. Mwezi Septemba 2018, kimbunga Mangkhut kilipokaribia, jiji lilisimamisha kazi na biashara. Onyo likifika nyekundu, mwandikie msimamizi wako ukiwa bado nyumbani na usubiri jibu kabla ya kuvaa viatu.