Kampuni binafsi zinarusha roketi, sisi Dodoma tunashindwa nini?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Tuko vijana watano, tumesajili kampuni BRELA mwaka huu. Kwenye kundi la WhatsApp tumempata mtaalamu anayeuza michoro kamili ya roketi ya kupeleka setilaiti, pamoja na "kibali cha kimataifa cha kurusha", vyote kwa milioni nne na nusu. Anasema Dodoma ina faida tatu: iko mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, iko karibu na ikweta, na ina mbuga tupu kama ya Bahi. Anasema pia zama za serikali kumiliki anga zimepita, SpaceX, ile kampuni binafsi ya roketi ya Marekani, wamethibitisha. Tumeshatanguliza laki tano. Kitaalamu inawezekana? — Msomaji, Kisasa, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msimtumie hata shilingi moja zaidi. Hilo ndilo jibu. Yanayofuata ni sababu zake, maana wewe si wa kwanza kuniuliza na najua kundini mwenu kuna mwenzenu bado anaamini.

Hizo mita 1,100 nimezisikia mpaka zimenichosha. Watu wanadhani kazi ya roketi ni kupanda juu. Kupanda ndiyo sehemu nyepesi. Anga za juu huhesabiwa kuanzia kama kilomita 100, kwa hiyo mwinuko wa Dodoma unakupunguzia kilomita moja na ushee tu. Kinachoizuia setilaiti isirudi chini ni kasi ya kwenda pembeni: karibu kilomita 28,000 kwa saa. Treni yetu ya SGR ikishika 160 tunapiga picha dirishani. Kwa kasi ya setilaiti, kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni chini ya dakika moja. Ili kuifikia kasi hiyo, karibu roketi nzima inabidi iwe mafuta. Falcon 9, roketi ya SpaceX, ikiwa imesimama tayari kuondoka ina tani zipatazo 549. Mzigo mkubwa kabisa inaoweza kuuacha kwenye obiti ya chini, yaani njia ya karibu ya kuizunguka dunia, hapo ikiwa hairudi kutua, ni tani 22.8. Asilimia nne. Kosea kidogo kwenye uzito wa matangi au nguvu ya injini, hiyo asilimia nne inayeyuka na hubebi kitu.

Ikweta inasaidia, hapo hakudanganya. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na huku kwetu inakusukuma bure kwa kilomita 1,660 hivi kwa saa. Ila pale Cape Canaveral, Marekani, mbali kabisa na ikweta, wanapata kama 1,470. Tofauti haifiki 200, na unahitaji 28,000. Warusi wamerusha miaka yote kutoka Baikonur, Kazakhstan, kaskazini zaidi ya hapo, na hawajalia ikweta.

Mbuga ya Bahi nayo si tupu, waulize wakulima wa mpunga. Na hata ingekuwa tupu, ili upate huo msukumo wa bure unarusha kuelekea mashariki. Chukua ramani uweke rula. Ukitoka Bahi unapita jirani na jiji hili lenye Bunge, unakwenda Gairo, unavuka Mvomero, unaelekea pwani, na ng'ambo yake ni Unguja. Dodoma na mjini Unguja viko karibu latitudo moja. Roketi huangusha sehemu yake ya chini njiani. Ya kwenu itaangukia bati la nani? Waitaliano walipotaka kurusha kutoka Afrika Mashariki hawakutafuta mbuga, walisimamisha majukwaa baharini karibu na Malindi. Setilaiti yao ya kwanza kutoka pale iliondoka 1967, na mwaka 1970 pale pale ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Mashariki mwa majukwaa yale ni Bahari ya Hindi tupu.

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko yote: hii imani kwamba kampuni binafsi zimefika angani kwa kuikwepa serikali. Tapeli wako ameliweka mwishoni kama kachumbari, lakini ndilo linalouza biashara yake yote, kwa sababu linamwambia kijana kwamba taasisi, vibali na miaka ya masomo ni vikwazo vya wazee.

SpaceX ilianzishwa 2002. Roketi yake ya kwanza, Falcon 1, ilirushwa kutoka kisiwa kidogo cha Omelek, kwenye visiwa vya Kwajalein huko Pasifiki, eneo la majaribio la jeshi la Marekani. Mara ya kwanza, 2006, ilishika moto muda mfupi baada ya kuondoka. Uchunguzi ulikuta nati moja ya alumini kwenye bomba la mafuta imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi. Nati moja! Mara ya pili, 2007, mafuta yalichezacheza ndani ya tangi mpaka roketi ikayumba. Mara ya tatu, Agosti 2008, sehemu ya chini ilikuwa bado ina msukumo kidogo baada ya kuachana na ya juu, ikaigonga kwa nyuma. Ya nne, Septemba mwaka huohuo, ndiyo ikafika. Na Desemba NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, ikawapa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Hiyo ni fedha ya walipa kodi. Ngao ya joto ya chombo chao cha Dragon imetokana na ile iliyobuniwa NASA. Wanaanga wawili waliowabeba Mei 2020 walikuwa wa NASA, na waliondokea uwanja namba 39A huko Florida, mali ya NASA, ambao kampuni imekodi.

Sisemi kampuni hizi hazina lao. Kuirudisha sehemu ya chini ikatua imesimama, Desemba 2015, halafu kuirusha tena mwaka 2017, ni ufundi ambao mashirika ya serikali hayakuwa yameuthubutu kwa namna hiyo, na umeshusha bei kweli. Firefly waliweka chombo chao mwezini salama Machi 2025. Lakini pia Virgin Orbit walirusha kutoka Uingereza Januari 2023, chujio la mafuta likachomoka, mzigo ukapotea, na kufikia Aprili kampuni iko mahakamani inafilisika. Hizo ni kampuni zenye mamia ya wahandisi. Wewe umetumiwa PDF.

Kuhusu kibali: hakuna ofisi yoyote duniani inayouza "kibali cha kimataifa cha kurusha". Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ibara ya sita, unaibebesha kila nchi dhamana ya shughuli za watu wake angani, za serikali na zisizo za serikali, na unaitaka iziidhinishe na kuendelea kuzisimamia. Ndiyo maana SpaceX hairuki bila leseni ya mamlaka ya anga ya Marekani. Makubaliano ya 1972 yakaongeza kwamba kitu kikianguka na kuharibu mali, nchi iliyorusha ndiyo inayodaiwa. Kanada iliwadai Wasovieti baada ya setilaiti yao kuanguka kule 1978, na wakalipa dola milioni tatu za Kanada. Wenzetu wa kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, Desemba 2024 waliangukiwa na pete ya chuma ya karibu kilo 500 kijijini kwao, kipande cha roketi. Hiyo si hadithi. Cheti chenu cha BRELA kinawapa haki ya kufanya biashara. Hakiwapi haki ya kupitisha kitu chenye moto juu ya vichwa vya watu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mamlaka ya mawasiliano (TCRA) kwa masafa ya redio, na wanaosimamia baruti wote wana neno, na hakuna hata mmoja wao anayekusanya ada kwenye namba binafsi.

Kama mnataka anga kweli, waangalieni jirani. Taifa-1 ya Kenya ilisafiri kama abiria ndani ya Falcon 9 Aprili 2023. PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilijengwa na vijana waliokwenda kusoma Kyushu, Japani, ikapanda 2022. Hakuna aliyeanza na roketi. Na picha za dunia zinazopigwa na setilaiti za Landsat na Sentinel ni za bure. Anayejua kuzisoma ana kazi leo kwenye alizeti ya Singida na zabibu za hapa hapa, bila kulipua kitu.

Mniahidi jambo moja. Huyo bwana akiona mmesita atawashauri mwanze na "roketi ndogo ya mafunzo" ya kupika wenyewe nyumbani. Video zake zimejaa mtandaoni, na anayezionyesha haonyeshi vidole vilivyokatika. Msiguse. Anayetaka kujifunza aende kwenye maabara yenye msimamizi.

Ile laki tano, msifute meseji wala risiti ya muamala. Pelekeni kituo cha polisi pamoja na namba iliyopokea, na mtoe taarifa kwa mtandao wa simu mliotumia, leo, si wiki ijayo. Kisha kaeni chonjo: watu wa aina hii huuziana namba za waliokwisha kupigwa. Atapiga mwingine, sauti ya upole, atajiita ofisa wa kurejesha fedha, na atawaomba elfu hamsini ya kufungulia faili. Na ya kutolea.