Dairekta wa anime anafanya nini kama hachori? Hawa ndo ninaowakubali mimi

Mkuu umeuliza mbona tunawasifia sana madairekta wa anime (katuni za Kijapani) wakati wanaochora ni watu wengine, na je, ukimtoa Hayao Miyazaki, yule dairekta maarufu kuliko wote, kuna nani tena wa kumfuatilia. Mimi hizi kitu nimeanza nazo toka enzi za kuhamishiana muvi kwa flashi hosteli, na kuna kipindi nikaacha kabisa kuchagua kwa kuangalia stori au posta, nikawa nafuata jina la muongozaji tu, namaliza kazi zake zote ndo nahamia kwa mwingine. Kwahiyo ntaandika kirefu, mnivumilie.

Naanza na Isao Takahata maana yeye mwenyewe ndo jibu la swali lako. Huyu mzee alikuwa hachori. Alisoma fasihi ya Kifaransa Chuo Kikuu cha Tokyo, akaingia Toei, studio ya katuni, huko ndo akajuana na Miyazaki, na mwaka 1985 wakaanzisha studio yao, Studio Ghibli, wakiwa na prodyuza Toshio Suzuki. Sasa Miyazaki kalamu haitoki mkononi, kwenye Princess Mononoke (1997) alipitia na kurekebisha mwenyewe maelfu kwa maelfu ya michoro ya vijana wake. Takahata kazi yake ilikuwa kuamua. Nini kionekane, kikae muda gani, mtoto aangalie wapi wakati mkubwa anaongea.

Kaangalie Grave of the Fireflies ya 1988, kaka na mdogo wake wa kike kwenye mji wa Kobe, Japani, mwaka 1945, Wamarekani wanamwaga mabomu ya moto. Takahata hiyo vita hakuisoma kitabuni, alikuwa na miaka 9 mji wao wa Okayama ulipopigwa mabomu Juni mwaka huohuo. Kuna kile kipande cha kopo la pipi. Pipi zimeisha, Setsuko bado anataka, basi kaka yake Seita anamimina maji ndani ya kopo, anatikisa, anampa mtoto anywe ile ladha iliyobaki, na mtoto anakunywa anaanza kutaja ladha za matunda moja moja amefurahi kabisa. Basi. Hakuna mtu anakwambia hapa ndo pa kulia, na mimi kila nikifika hapo lazima nisimamishe kidogo. Muongozaji mwingine angekuonyesha njaa kwa mbavu na makelele, huyu kakuonyesha kwa mtoto mwenye furaha.

Na kitu ambacho wengi hawajui, Takahata mwenyewe alikuwa anakataa filamu ile kuitwa ya kupinga vita. Kwake ilikuwa ni habari ya watoto wawili waliojitenga na watu wakashindwa kuishi peke yao. Ukirudia kuiangalia na hilo kichwani unaona kweli, kuna mzee mkulima anamshauri Seita arudi akamwombe radhi yule mama ndugu yao waliyekuwa wanaishi kwake, Seita hataki, na hapo ndo safari yao inaishia taratibu. Ndo maana inauma vile, kwasababu kuna mlango ulikuwa wazi.

Halafu huyohuyo asiyechora, akiwa na miaka 78, anatoa The Tale of the Princess Kaguya (2013), imechorwa kama mkaa na rangi za maji, sehemu kibao za picha zimeachwa nyeupe. Kuna pale Kaguya mwenyewe anatoka kwenye jumba lao anakimbia usiku, mistari inaanza kuchafuka, inakatika, uso unapotea, nguo zinabaki michirizi tu, yani mchoro wenyewe umepandwa na hasira. Wachoraji ndo walioichora, sawa, ila wa kusema "hapa chora vibaya, vunja kila kitu" alikuwa yeye. Hiyo ndo kazi ya dairekta mkuu. Alifariki Aprili 2018 na kwangu mimi ndo namba moja, juu ya Miyazaki, najua humu kuna watakaonipinga.

Wa pili Satoshi Kon. Huyu alifariki Agosti 2010 kwa kansa ya kongosho, miaka 46 tu, ameacha filamu ndefu nne na tamthilia moja ya vipande 13, na bado waongozaji wa muvi za kawaida dunia nzima wanamsoma mpaka leo. Ukali wake upo kwenye kukata na kuunganisha picha. Mtu anafungua mlango Tokyo ya leo, anatokea kwenye vita ya masamurai, na wewe mtazamaji umeshaingia naye kabla hujashtuka. Millennium Actress (2001) ndo utaiona vizuri hiyo: mwigizaji mzee aliyestaafu anahojiwa na jamaa wawili, mmoja kabeba kamera, na badala ya kumsikiliza tu sebuleni wale jamaa wanajikuta wako ndani ya kumbukumbu zake wanakimbia naye. Kuna kipande chake anamkimbilia mwanaume anayempenda, na ndani ya mbio hizohizo anabadilika nguo, zama, na usafiri, na hakuna sehemu unapoona mshono. Nilikuwa nakirudisha nyuma mara kibao natafuta kaunganisha wapi.

Hideaki Anno nae nampa heshima yake. Kwenye tamthilia yake ya maroboti, Evangelion ya 1995, kuna wasichana wawili wasiopatana wako kwenye lifti, kimya, picha imesimama karibu dakika nzima, unasikia mashine ya lifti tu. Watu wanasema ni uhaba wa muda na hela, inawezekana kabisa, ila wewe unayeangalia unataka kuikimbia hiyo lifti, na hiyo presha hakuna mapigano ya maroboti yangeweza kukupa.

Naoko Yamada wengi hawamtaji na inaniudhi. A Silent Voice (2016), alipokuwa studio ya Kyoto Animation, ni habari ya binti kiziwi na kijana aliyemwonea shuleni. Yamada anapenda sana kuonyesha miguu ya watu, mtu anasema yuko poa huku miguu inakwambia ukweli. Na mtunzi wa muziki, Kensuke Ushio, akaweka maikrofoni ndani kabisa ya piano ili zisikike zile kelele za mbao na nyundo kabla ya noti, kwenye filamu ya mtu asiyesikia vizuri. Vaa earphone nzuri.

Makoto Shinkai, dairekta mwingine, simkatai, jamaa 2002 alitengeneza Voices of a Distant Star dakika kama 25 karibu peke yake kwenye kompyuta, hiyo ni roho ngumu, ila anga zake nzuri mno kwangu zinamfunika mtu aliyesimama chini yake.

Sasa kwako mkuu usianze na Grave, itakuvuruga wiki nzima. Anza na Tokyo Godfathers ya Kon (2003), watu watatu wasio na makazi wanaokota kichanga usiku wa kuamkia Krismasi, utacheka na utawapenda. Halafu Millennium Actress. Kaguya iangalie siku una muda na usiiangalie kwenye simu, ile mistari inahitaji kioo kikubwa. Ukishamaliza Kaguya rudi hapa uniambie ile kukimbia ya usiku umeielewaje, kwasababu kuna mabishano kama ilitokea kweli au alikuwa anaota.