Saa ya meli si saa yako

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, kozi ya kuongoza watalii nimemaliza, kitambulisho kinatoka wiki ijayo, na msimu wa meli ndio huo unaingia. Nihifadhi nini kwanza, majina ya masultani au majina ya miti?" Nikacheka peke yangu barazani. Mimi nilihifadhi vyote viwili, na bado nusura niwaache watu kumi na wanne Unguja, meli yao ing'oe nanga bila wao.

Meli ilitokea Shelisheli. Karatasi ya wakala iliandikwa 16:00, wageni wawe wameshapanda. Mimi mtoto wa mjini nikasoma saa kumi alasiri, nikaikunja nikaitia mfukoni. Haikunipitikia kwamba Shelisheli wanatutangulia kwa saa moja, na kwamba nahodha huenda hajarudisha saa zake nyuma.

Tukaanza na magofu ya Maruhubi. Nilikuwa hodari siku ile, sikufichi. Nikasimama baina ya zile nguzo nene zilizobaki baada ya moto wa 1899, nikamwaga Sayyid Barghash wote, sultani aliyelijenga jumba lile, tangu anatawazwa 1870 mpaka anafariki 1888. Nikatia na ile hadithi ya masuria tisini na tisa, ambayo sisi waongozaji tunaipenda kuliko inavyostahili. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Nani aliyewahesabu?" Wenzake wakacheka. Nami, kwa ukaidi, nikaongeza nusu saa nzima kuhusu mabirika na mifereji ya maji, ili wajue mimi si papasi, wale wanaowaganda wageni mitaani bila kibali.

Kidichi tukaingia kwenye hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Muajemi. Mle ndani ukutani mna ndege na maua ya chokaa, ni pazuri, lakini joto la saa saba lilikuwa limeshawalegeza. Walikuwa wanatazama mlango.

Shambani ndipo walipofufuka. Mkulima alipasua tunda la kungumanga mbele yao: nyama ya manjano, ndani yake kokwa ya kahawia inayong'aa, na juu yake basbasi nyekundu imeizonga kama wavu. Bibi mmoja akaishika kwa ncha za vidole na asiseme neno. Nilikuwa nimesema tangu asubuhi, na hakuna nilichosema kilichomnyamazisha mtu hivyo.

Kisha wakaomba kuona vanila inavyochavushwa. Hapo nikaumbuka. Ua la vanila hufunguka asubuhi, likifika mchana limeshanyauka, na huku kwetu hamna mdudu wa kulifanyia kazi kama kwao Mexico. Ni mtu na kijiti chake, ua kwa ua. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa Maruhubi nahutubia. Mkulima akawaonyesha ua lililolala kama kitambaa kibichi.

Ilikuwa saa nane na nusu. Yule bibi wa basbasi akanigusa bega, akanionyesha saa yake ya mkononi. Tisa na nusu! Meli inataka watu ndani baada ya nusu saa.

Ya barabarani siyasimulii. Itoshe kwamba koasta ilinuka mchaichai na jasho, kofia za makuti zikawa zinaruka kila tukipita tuta, na tulipofika bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, ngazi ya meli ilikuwa bado iko chini. Wageni walionunua matembezi yao kupitia meli yenyewe kwa kawaida hungojwa. Hawa wangu walikuja kivyao, hakuna ambaye angewangoja. Bakshishi sikupata, wala sikuitaraji. Wakala akasema, "Nitakupigia." Msimu wa tatu huu, hajapiga.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujauliza sultani gani alimrithi nani, uliza saa. Usiulize ofisini, muulize mgeni mwenyewe anaposhuka: saa yako inasema ngapi sasa hivi? Iandike kiganjani. Halafu anza na shamba, magofu yaje baadaye, kwani nguzo za Maruhubi hazinyauki. Na punguza maneno. Najua unajua. Sisi sote tulisoma, sote tunataka kuonekana tumesoma, na kiburi hicho ndicho kinachokula saa za watu waliolipa kuja kunusa karafuu. Mgeni wa meli ana mchana mmoja tu na sisi. Ukimjaza tarehe ataondoka nazo mpaka getini, hazifiki kitandani. Ogopa kumwibia mtu mchana wake. Tena nakwambia: uliza saa.

Mwezi uliopita wakala mwingine alinipa kikundi cha watu ishirini. Saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumeshafika shambani, umande bado uko majanini. Mkulima akampa kijiti mtoto wa miaka kama tisa hivi, akamwonyesha pa kuinua na pa kubana. Mtoto akachavusha ua moja, akauliza litazaa lini. Miezi tisa, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akamgeukia mama yake kuuliza kama watarudi.