Nisaini hati ya kuachilia madai kabla ya kulipwa?

SWALI: Mimi ni mkandarasi mdogo wa jipsamu na rangi hapa San Diego, California. Mkandarasi mkuu ameniambia kwamba hundi ya mwezi huu nitaipata nikishasaini hati ya kuachilia madai yangu juu ya jengo. Je, nisaini? — Msomaji, San Diego

JIBU: Ndugu msomaji, soma kwanza kichwa cha hati hiyo. Sheria ya California humpa aliyetoa kazi au vifaa haki ya kuandikisha dai juu ya jengo lenyewe, hata kama hakuingia mkataba na mwenye jengo, na kwa kuwa mali yenye dai la namna hiyo haiuziki wala haikopewi kwa urahisi, si ajabu hati ya kuliachilia ikatakiwa kila awamu ya malipo. Cha kuangalia ni umepewa hati gani. Zipo nne: mbili za malipo ya awamu na mbili za malipo ya mwisho, na katika kila jozi moja ina sharti, nyingine haina. Yenye sharti haina nguvu mpaka benki iilipe hundi. Isiyo na sharti hukubana mara tu unaposaini, hata kama hujalipwa, na onyo lililochapishwa juu yake linasema hivyo waziwazi. Kwa hundi ambayo bado hujaipata, saini yenye sharti tu.

Kisha tazama tarehe ya ukomo, sehemu ambayo wengi huipita haraka. Ukilipwa kazi ya hadi Juni 30 huku hati ikitaja Julai 15, utakuwa umeachilia madai ya wiki mbili ambazo hujalipwa. Hati za awamu hazigusi fedha zinazoshikiliwa hadi mwisho wa kazi, wala kazi za nyongeza ambazo hujalipwa. Lakini katika hati ya mwisho, nyongeza yenye mgogoro lazima uitaje kwa kiasi chake.

Haya yote yana maana ikiwa una leseni na ulituma notisi ya awali, yaani taarifa kwa mwenye jengo, mkandarasi mkuu na mkopeshaji wa ujenzi kwamba unafanya kazi hapo, ndani ya siku 20 tangu uanze kazi. Ukichelewa unaweza kuituma bado, ila italinda kazi ya siku 20 zilizoitangulia na ya baada yake tu. Jengo likiwa la serikali, haliwekewi dai la namna hii. Hapo unayeweza kumdai ni mtoa dhamana ya malipo ya mkandarasi mkuu, yaani kampuni iliyoahidi kuwalipa wakandarasi wadogo asipowalipa yeye, kwa hiyo omba mapema nakala ya dhamana hiyo.