Mepo sio mninga jamani, nilivyoharibu meza ya watu

Useremala nimejifunzia Keko, Dar, mikono imezoea mninga na mkongo, kwahiyo nilivyofika huku Ontario nikakuta mafundi wanasifia mepo, ule mti ambao jani lake lipo kwenye bendera ya Kanada, nikasema mbao ni mbao tu bana. Weee.

Kazi ya kwanza nilipewa na mama mmoja wa Morogoro, meza ya kulia, akaniambia "mwanangu, nataka rangi ya mninga, kama ile ya nyumbani kwetu." Nikapiga randa, nikapiga msasa mpaka ikateleza kama kioo, nikapaka rangi ya kahawia moja kwa moja nikaenda kulala. Asubuhi mabaka matupu, huku nyeusi huku nyeupe, utadhani mtu mwenye utangotango. Kumbe mepo vinyweleo vyake vidogo sana na nyuzi zake zinajipindapinda, sehemu moja inakunywa rangi kama imetoka jangwani, ya pembeni yake inagoma kabisa. Wikiendi mbili nzima nakwangua.

Kama lazima uipake rangi, anza na koti jembamba la shelaki (aina ya vanishi), na ujaribie kwenye kipande kilichobaki, sio kwenye meza ya mtu. Ila mi siku hizi nawaambia wateja mapema, mepo iache na weupe wake, vanishi isiyo na rangi basi, ukitaka mbao nyeusi nunua walinati.

Dukani nako uliza vizuri, maana mepo ziko nyingi. Ile ngumu ni mepo sukari, ule mti unaotoa sirapu, kwenye Janka, yaani kipimo cha ugumu wa mbao, inafika kama 1,450, ile nyekundu ni 950 hivi, na mepo fedha 700, hizi mbili wanaziita laini na bei yake ni nafuu. Kwa mbao ya kukatia nyama chukua ngumu, halafu usiipake mafuta ya kupikia, yatachacha na kunuka, tumia mafuta ya madini yale ya daraja la chakula. (Na hapana, mbao yenyewe haina utamu, naulizwa sana hili. Sirapu ni maji ya mti yanayogemwa baridi inapoanza kuisha, unachemsha kama lita 40 upate 1.)

Msumeno uwe mkali, ukisita kidogo tu inaungua na lile doa jeusi kulitoa ni kazi. Skrubu toboa kwanza, la sivyo inakatikia humo humo. Na nje usiiweke, mvua inaiozesha haraka.

Meza ya mama ikabaki nyeupe, akaniambia nzuri sana mwanangu. Juzi nimepita kumsalimia, nakuta kaifunika yote na kitambaa cha kufuma, juu yake nailoni.